Chupa ya Shahidi

Nyumba ya Mtambo wa Maji
11 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu juu ya kasha la chupa badala ya ule wa kaka yako. Ni mimi. Mkuu wa mtambo alikuja wiki iliyopita, akakaa kwenye kiti cha mlangoni akizungusha kofia mikononi, akasema, "Mama, kazi ya kuchota sampuli haina mtu. Wewe umemwona mwenzako akiifanya miaka kumi na mmoja. Utatushikia kwa muda?" Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba. Akasema mto hauulizi cheti. Basi nimeshika.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Ukweli ni kwamba nikisikia sauti yako namsikia yeye. Mnalivuta neno "sawa" kwa namna moja. Siku ile ulipopiga baada ya mazishi, nilibaki na simu sikioni hata ulipokwisha kukata. Kwa hiyo tuandikiane kama mlivyokuwa mkiandikiana nyie wawili, barua ikibandikwa juu ya kifuniko. Nilikuwa nikimtania kwamba ana mke mwingine huko maabara. Ananijibu, "Ndiyo, na huyo hakoromi."

Leo asubuhi nimechota sehemu zote tatu: darajani, kwenye kona ya mawe, na pale bomba kubwa linapovuta maji kuingia mtamboni. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Kule kwenye kona, jiwe lote lina utelezi wa kijani isipokuwa sehemu mbili, kila moja upana wa goti. Nikapiga magoti palepale. Yalienea, ila yeye alikuwa na magoti mapana kidogo kuliko yangu.

Kila kitu nimefuata kama kilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Barafu ipo ya kutosha. Niambie mto unasemaje.

Wifi yako,
wa mtamboni

*

Maabara
14 Machi

Wifi,

Nilipoona mwandiko wako kwenye kasha nilikwenda kwanza kunawa uso, ndipo nikafungua. Nimefurahi kwamba ni wewe. Na kuhusu kukoroma, kaka aliniandikia habari hizo zamani, nikaapa sitasema. Sasa nimesema.

Sijui kama aliwahi kukueleza tunatafuta nini. Kuna kemikali zinazowekwa kwenye vitu ili visilowe wala visishike mafuta: maturubai, mahema, mazulia, karatasi za kufungia chakula. Hazina rangi, harufu wala ladha, na haziozi. Zikiingia mtoni zinakaa. Zikiingia mwilini zinachukua miaka kutoka. Ndiyo maana tunazisaka zikiwa bado chache.

Nikisema chache, sijui kama utaniamini. Chukua punje moja ya sukari. Siyo kijiko, punje. Itupe kwenye tangi lenu kubwa, lile la lita laki moja na nusu. Koroga, kisha chota glasi moja uniletee. Mashine yetu itaiona ile punje. Kiasi hicho ndicho tunachokiita nne. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na mpaka leo, ule mstari ukianza kupanda kwenye kioo cha mashine, nywele za mikono zinanisimama. Najiuliza mwanadamu amepata wapi jicho la namna hii.

Miaka yote kaka alikuwa akituletea tatu, nne, mara moja sita. Wiki hii mto umetuletea sitini na moja, hamsini na nane na sabini.

Nimepima mara mbili. Shahidi, ile chupa ya maji yaliyosafishwa kabisa tunayokupa uende nayo mtoni, amesoma sifuri. Kwa hiyo siwezi kuzilaumu chupa wala safari. Chota tena Jumanne, kama kawaida. Labda ni mafuriko tu yameleta kitu. Usihofu.

Wifi yako,
wa maabara

*

Nyumba ya Mtambo wa Maji
18 Machi

Wifi yangu,

Uliponiambia nisihofu ndipo nilipoanza kuhofu. Watu wa ofisini wasemapo hivyo, huwa tayari wameshahofu wao.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwaga sukari kidogo kwenye sahani nikatafuta punje moja. Haishikiki kwa kucha, ikabidi niloweshe kidole. Nikapanda nayo ngazi ya tangi mpaka juu, nikachungulia yale maji meusi yametulia kama chumba kitupu, kisha nikatazama kidole changu. Wifi, nilisimama pale nikasahau kilichonipandisha. Kwamba kitu hiki kikianguka humu kuna mtu mbali huko atajua! Sikuitupa. Niliilamba, nikashuka polepole nikishika chuma kwa mikono yote miwili.

Sasa nikuambie la pili. Tangu juzi mkuu ameagiza maji ya kunywa yaletwe kwa magari, na watu wanapanga foleni pale getini na ndoo. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikasikia Fundi Pampu akihutubia.

"Mto hauwezi kuharibika ndani ya mwezi mmoja," anasema. "Jiulizeni. Mvua yote ile, nani alikuwa akishuka kule? Mzee alikuwa anajaza chupa kwenye pipa la mvua hapo nyumbani kwake, anarudi kwenye chai yake."

Mwenzake akamwambia, "Wewe, marehemu hasemwi."

"Mimi simsemi yeye. Nasema namba."

Nilitokeza na ndoo yangu. Fundi akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikamwambia pole ya kikohozi.

Wifi, mimi najua alishuka, kwa sababu alirudi amelowa. Kila Jumanne ya mvua tuligombana. Koti zuri la mvua nililomnunulia mimi limening'inia mlangoni, na yeye anatoka na shati lake la kaki lililopauka. Siku hiyo hataki sabuni ya kunukia. Hataki mafuta, anatoka na mikono imepauka kama ya fundi wa saruji. Ukimuuliza, anasema, "Mto hautaki madoido, mke wangu." Anarudi meno yanagongana, mimi namfuta kichwa kwa taulo huku namsema, naye anacheka. Nilidhani ni ukaidi tu. Mimi ukaidi huo sikuurithi. Navaa koti lake, nakunja mikono mara mbili, na kola bado ina harufu yake. Nashuka nikiwa kama nimeshikwa mabega.

Lakini nijibu kweli, maana wewe hukuwahi kunidanganya. Huko kwenu nako wanasema alijaza kwenye pipa?

Wifi yako,
wa mtamboni

*

Maabara
20 Machi

Wifi,

Nimekuficha, nisamehe. Ndiyo, wanasema. Chupa zako za wiki hii nazo zimesoma juu, na mkuu wetu wa maabara ameshaandika kwamba namba za miaka kumi na mmoja si za kuaminika. Tarehe thelathini na moja ripoti inatoka, na zote zitafutwa. Nilimwambia huyo ni kaka yangu, simjui kwa uongo. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, namba hazina undugu."

Kisha leo nikasoma barua yako. Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Koti! Wifi, koti la mvua linatengenezwa na nini hata lisilowe?

Nijibu mambo mawili, na usinijibu cha kunifurahisha. Je, ulikuwa umevaa hilo koti mara zote mbili, na mkono wake ulifika karibu na mdomo wa chupa? Na shahidi: ulimfungua pale mtoni ukammimina kwenye ile chupa tupu tunayokupa pamoja naye, ili apitie yote yanayoyapitia maji ya mto, mvua ikinyesha, koti mwilini? Maana kama ulimmimina na bado akasoma sifuri, basi koti halina kosa na mimi nimeshika unyoya kwenye mafuriko.

Kama halikuwa hivyo, nitumie kipande cha mkono wa koti. Kitume peke yake, siku nyingine, mbali na chupa. Kipande kidogo kinatosha.

Wifi yako,
wa maabara

*

Nyumba ya Mtambo wa Maji
25 Machi

Wifi yangu,

Shahidi sikumfungua.

Karatasi ya kaka yako inasema wazi: mimina maji haya kwenye chupa tupu ukiwa mtoni, kisha funga. Nilisoma. Lakini nikaona maji yaliyosafishwa kwa taabu yote hiyo, kuyatoa huku na kuyatia kule katikati ya mvua ni kuyachezea tu. Nikayaokoa. Nikakurudishia yakiwa na kizibo chake vilevile, na ile chupa tupu nikairudisha tupu. Wiki zote mbili. Na nilijiona mwangalifu, wifi, nilijisifu njiani. Kumbe nilimpeleka shahidi kwenu akaapa kwamba hakuona kitu, na ni kweli hakuona, kwa sababu nilimfunga macho mimi mwenyewe.

Na koti nililivaa mara zote mbili. Mikono ile niliyoikunja ilikuwa ikifunguka. Nikiinama, maji yanachuruzika kwenye mkono mpaka kwenye vidole, na vidole ndivyo vilivyoshika chupa. Nilimweleza mkuu wa mtambo yote haya, asubuhi ileile niliyopata barua yako. Akasema kama ningeyaficha asingejua kamwe. Nikamwambia wewe usingejua, lakini ile mashine ingeendelea kujua.

Tangu hapo kuna jambo haliniachi, nikiwa jikoni, nikiwa nafagia. Mashine yenu imeliona koti la mume wangu. Limening'inia huku, na kule mbali mstari unapanda kwenye kioo. Hilo peke yake lingetosha kunishangaza mwaka mzima. Lakini yeye alijua, wifi. Bila mashine, akiwa amesimama mlangoni na chai yake, alijua koti hilo likikaribia mto litaacha kitu ambacho jicho halioni, akaliacha kwenye msumari. Kila Jumanne, miaka kumi na mmoja. Mimi namfuta kichwa, namwita mkaidi, naye anacheka!

Na kwa nini hakuniambia? Nimelifikiria sana. Koti nilimpa mimi, nililiwekea akiba siku nyingi. Nadhani hakutaka kusema kwamba zawadi yangu ni sumu ya mto. Siku nyingine alilivaa hata jua likiwaka. Anapita nalo mbele ya majirani, anasema, "Mnaona mke wangu alivyonivisha?" Jasho linamtiririka.

Ulisema kipande cha mkono kinatosha. Nilishika mkasi. Sikuweza. Nimelituma lote kwenye gunia na gari la Jumamosi. Mkilikata, kateni nyie.

Leo nimechota kwa namna yake. Sikupaka kitu, sikunawa kwa sabuni ya kunukia. Nimevaa lile shati lake la kaki, limefuliwa mara nyingi hata halikumbuki rangi. Mkuu wa mtambo alitaka mtu wa kushuhudia kwamba nachota mtoni na si kwenye pipa, na akamtuma nani? Fundi Pampu. Alishuka nyuma yangu amevaa koti la mvua jipya linang'aa. Nikamwambia, "Baba, simama hapo juu. Wewe na koti lako msikaribie."

"Mimi nina ukoma?"

"Una koti. Simama hapo."

Akasimama. Nikapiga magoti mvuani. Nikamfungua shahidi, nikammimina kwenye chupa tupu polepole, nikamwacha aone kila kitu: mimi, mvua, shati, mikono yangu. Kisha nikachota mto. Kila chupa niliishika kwa mikono miwili. Unajua unavyoshika mtoto mchanga wa mtu mwingine? Hivyo.

Sijui chupa hizi zitasema nini. Kama zitasoma juu, basi mto umeharibika na koti halikuwa sababu, na watamfuta. Nimekubali kusubiri.

Wifi yako,
wa mtamboni

*

Maabara
28 Machi

Wifi yangu,

Nne. Tatu. Nne.

Nimeziandika kwanza ili usitafute chini. Shahidi amefunguliwa safari hii, na amesoma sifuri.

Koti hatukulikata. Tulisuuza mkono wake wa kulia kwa maji yetu safi, tukayapima. Mstari ulipanda mpaka ukatoka nje ya kioo, ikabidi tuyapunguze makali mara mia ndipo mashine ikayasoma. Kila kemikali ina alama yake kama wayo wa mguu, na alama za koti ni zilezile zilizokuwa kwenye chupa zako za mwanzo. Hakuna hata moja iliyozidi wala kupungua. Vijana wote wa maabara walikuja kutazama. Kisha mkuu akaamuru koti litoke mle ndani upesi kabla halijatupandishia namba za mito mingine. Sasa liko nyumbani kwangu. Nimelitundika mlangoni.

Mkuu alizitazama zile karatasi mbili muda mrefu, ya koti na ya mto. Akaniuliza, "Kwa hiyo huyu bwana alikuwa analowa?"

"Ndiyo."

"Kila wiki?"

"Kila wiki ya mvua. Mkewe alikuwa anamgombeza."

Akavua miwani. "Mimi nina wachukua sampuli wenye shahada," akasema, "nawapa semina kila mwaka, na bado wananiletea kemikali hizi kwenye marashi na mafuta yao." Akachukua kalamu akakata ule mstari wa ripoti unaosema namba si za kuaminika. Miaka yote kumi na mmoja imerudi. Na kwa sababu imerudi, sasa tunaweza kusema kwa uhakika kwamba mto wenu umekaa kwenye nne muda wote huo, na siku ukibadilika kweli tutajua siku ileile. Magari ya maji yanasimamishwa kesho.

Kuna kosa letu pia. Aliyepokea kasha alipaswa kuona kwamba chupa tupu imerudi tupu. Hakuona, nami sikuuliza. Umejilaumu peke yako, na haikuwa haki.

Na kuna langu, ambalo nakuandikia wewe tu. Zile siku mbili kabla ya barua yako ya koti, nilimshuku. Nilikaa mbele ya zile namba nikamwona kaka yangu, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, anajaza chupa kwenye pipa. Sikumtetea tena kwa mkuu. Kila nikikumbuka, uso unanichoma.

Mkuu anauliza kama utaishika kazi moja kwa moja.

Wifi yako,
wa maabara

*

Nyumba ya Mtambo wa Maji
1 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imelegea. Hiyo nne ya kwanza nimeiwekea kidole kama kipofu.

Kuhusu kumshuku, usijichome. Mimi niliishi naye, nikalala naye, nikamfuta kichwa, na sikujua nimeolewa na mtu mwangalifu kiasi hiki. Wewe ulimkosea siku mbili. Mimi nilimwita mkaidi miaka kumi na mmoja. Angekuwepo angetucheka wote wawili, kisha angetaka chai.

Mwambie mkuu wako ndiyo, naishika. Nimesaini jana.

Jumapili Fundi Pampu alikuja nyumbani. Alibisha hodi ilhali mlango uko wazi. Akakaa pembeni kabisa ya kiti kama mtu anayesubiri sindano, akatazama msumari usio na koti.

"Mama," akasema, "nilisema vibaya. Tena mbele ya watu."

"Ulisema."

"Siku ile nilisimama pale juu, nimevaa koti, mkavu. Nikakuangalia umelowa chapachapa unamimina maji kutoka chupa hadi chupa. Nikajiuliza, sasa mtu anayefanya hivi pale ambapo hakuna anayemwona…" Hakumaliza. Amekwisha kulisahihisha getini, akaniambia, mbele ya walewale aliowahutubia, na mmoja wao alimwuliza kama leo hana kikohozi.

Kisha akaomba jambo ambalo sikulitarajia. Anakaribia kustaafu pampu, anataka kujifunza kuchota, ili siku nikiugua kazi isikose mtu. Nikamwambia sawa, njoo Jumanne asubuhi.

Leo amekuja mapema kuliko mimi. Hana koti, na mvua inanyesha kweli. Nikafurahi, nikamsogelea nimpe kasha, nikarudi nyuma. Wifi, mzee yule alikuwa ananukia kama harusi! Mafuta ya nywele, marashi, na viatu amevipiga dawa vinameta.

"Nimejiandaa, Mama," anasema.

"Naona. Rudi nyumbani ukaoge maji matupu."

"Yote?"

"Yote. Na hayo mafuta ya kichwani uyasugue mpaka yaishe. Na viatu, vaa vile vya kulimia."

Akaenda. Nilikaa kizingitini na kasha magotini, chupa tano zimejipanga, nikisikiliza mvua. Nilidhani hatarudi, maana ni mtu wa kujiheshimu. Baada ya saa nzima nikamwona anakuja njiani taratibu, shati limetoboka kwapani, nywele zimesimama huku na huku, magoti yamepauka. Akasimama mbele yangu akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

Nikainama nikanusa. Hakukuwa na kitu. Nikampa kasha alibebe, tukashuka.

Wifi yako,
wa mtamboni